Sauti ya Kuazima

Ugumu wa kuipeleka opera kwenye filamu huanzia mdomoni. Jukwaani mtazamaji amekaa mbali. Mwimbaji akitanua kinywa mpaka koromeo likaonekana, hakuna anayejali, maana kinachomfikia ni sauti. Kamera haina staha hiyo. Inasogea mpaka tunahesabu meno, tunaona mishipa ya shingo imesimama na jasho linachimba mifereji kwenye poda, na yule binti tuliyeambiwa anakufa kwa kifua kikuu ana pumzi za mzamia lulu. Kicheko kinatutoka pale tulipotakiwa kulia.

Waongozaji wengi hukwepa aibu hiyo kwa kurudi nyuma. Wanapanga kamera ukumbini, wanarekodi jukwaa kama lilivyo, na kinachopatikana ni kumbukumbu ya onyesho.

Michael Powell na mwenzake Emeric Pressburger, mzaliwa wa Hungaria, walichukua njia nyingine huko Uingereza mwaka 1951, walipotengeneza The Tales of Hoffmann kutokana na opera ya Jacques Offenbach, aliyefariki 1880 kabla ya kuiona jukwaani. Walianza na muziki. Okestra ikiongozwa na Thomas Beecham ilirekodi kwanza, na picha zikapigwa studioni baadaye, wachezaji wakiifuata rekodi. Kwa kuwa hapakuwa na maikrofoni ya kuogopwa, kamera ilipanda, ikashuka na kuzunguka ilivyotaka. Wengi wanaoonekana ni wacheza baleti, na wanaosikika ni watu wengine. Kati ya wahusika wakuu ni wawili tu, Robert Rounseville na Ann Ayars, walioimba wenyewe na kuonekana wenyewe.

Itazame sehemu ya Olympia. Ni mwanasesere wa kutiwa ufunguo, na Hoffmann, mhusika mkuu, amempenda kwa sababu ya miwani aliyovishwa inayomfanya aone uhai pasipo na uhai. Anayecheza ni Moira Shearer, anayeimba ni Dorothy Bond. Sauti inayotoka kwenye mwili usiokuwa wake ingekuwa kasoro kwingine, lakini hapa ndiyo hadithi yenyewe. Mwishoni mwanasesere anakatwakatwa, springi zinachomoza, na mguu uliobaki unaendelea kucheza peke yake.

Kwa mtu wa Pangani au Tanga, ujanja huo si mgeni. Mwaka uleule wa 1951, Raj Kapoor alitoa Awaara, mojawapo ya filamu za Kihindi zilizopendwa mno kwenye majumba ya sinema ya pwani yetu. Nargis anachezesha midomo, anayeimba ni Lata Mangeshkar. Raj Kapoor anafumbua kinywa, inatoka sauti ya Mukesh. Na ile ndoto yenye ngazi zinazopotelea mawinguni na masanamu makubwa kupita kimo cha mtu, ukiiweka kando ya Hoffmann utadhani mafundi walikopeshana mbao. Wazee wetu waliosimulia filamu za Kihindi kwa machozi hawakuwa wanajiuliza nani anaimba kweli. Walishakubali kwamba uso ni wa huyu na koo ni la yule. Kisha nyimbo zikavuka kutoka kwenye skrini zikaingia kwenye taarabu: Juma Bhalo wa Mombasa alijenga sehemu kubwa ya jina lake kwa mahadhi ya Kihindi yaliyovishwa mashairi ya Kiswahili. Sauti iliyoazimwa ikaazimwa tena.

Lakini kuazima kuna sura mbili. Carmen ya Georges Bizet ilionyeshwa Paris mara ya kwanza tarehe 3 Machi 1875, na mtunzi akafa miezi mitatu baadaye. Ni kisa cha askari anayempenda mwanamke wa kiwanda cha sigara, anaacha kazi, anajiunga na watu wa magendo, na mwanamke anapomgeukia mcheza fahali, askari anamuua. Otto Preminger alipoigeuza kuwa Carmen Jones mwaka 1954, wahusika wote wakiwa Wamarekani weusi, aliwachukua Dorothy Dandridge na Harry Belafonte, waimbaji wenye majina yao, akawafunga koo. Dandridge anaimba kwa sauti ya Marilyn Horne, Mzungu. Belafonte naye kapewa koo la LeVern Hutcherson, kwa kuwa sauti yake haikuwa ya opera. Huko nakuona ni kunyang'anywa.

Afrika ilijibu kwa namna mbili. Joseph Gaï Ramaka wa Senegal, katika Karmen Geï ya 2001, alimtupa Bizet akabaki na kisa. Filamu inaanzia kwenye gereza la wanawake kisiwani Gorée, Karmen anamchezea bibi jela mpaka anamlegeza, na kinachomwinua ni ngoma za sabar za kundi la Doudou N'Diaye Rose. Mark Dornford-May, katika U-Carmen eKhayelitsha ya Afrika Kusini, alimbakiza Bizet akabadili ulimi: kila kitu kinaimbwa kwa Kixhosa, na Pauline Malefane anayecheza Carmen ni mmoja wa waliotafsiri maneno. Filamu hiyo ilichukua Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2005. Mimi namkubali Ramaka zaidi, ingawa Malefane anaimba vizuri kuliko mtu yeyote kwenye filamu zote mbili. Ramaka alijiuliza swali lenye manufaa kwetu: kwetu, mtu anayetaka kusema jambo zito mbele za watu hulisemaje?

Pangani jibu liko ukumbini. Mwimbaji wa taarabu ya zamani hachezi. Mikono imetulia, uso haumwagi kitu, anaimba ubeti wa mtu aliyenyang'anywa mpenzi. Nyuma kule mwanamke ananyanyuka, anaweka sawa mtandio, noti ameikunja kwa urefu kaibana katikati ya vidole viwili. Haendi moja kwa moja kutunza. Anapita kwanza mbele ya kiti cha mwenzake, taratibu, bega likifuata ngoma, noti ikiwa juu, halafu ndiyo anaipeleka kwa mwimbaji. Anarudi kukaa. Hajatamka neno, na ukumbi mzima umeshajua nani kaambiwa nini. Mwimbaji ukimuuliza atakwambia yeye ameimba tu.

Huko nako ni kuazima sauti, tena kwa noti moja. Mwili wa huyu, koo la yule, na maana inakaa katikati yao. Anayekuja na kamera akaielekeza kwa mwimbaji dakika zote nne, kama video nyingi za taarabu zinavyofanya, atakuwa amekosa tamthilia nzima.

Sasa mlete Carmen huku. Asiimbe hata mstari. Ni kibarua wa mkonge, viganja vimekwaruzwa na nyuzi, na kila analotaka kusema analisema kwa kuinuka kutunza. Gwaride la askari lisichukuliwe Hispania: Tanga ilikuwa na ngoma ya beni, makundi ya Marini na Arinoti yakishindana kwa sare na tarumbeta. Magendo yapite mdomo wa mto usiku kwa jahazi. Na mcheza fahali tunaye, tena hatumbuni: Pemba wanacheza mchezo wa ng'ombe, ambao wengi huuhusisha na Wareno, wanawake wakiimba pembeni na ng'ombe akirudi nyumbani mzima. Kijana wa Kipemba ateremke Pangani na sifa hizo, askari wa watu amekwisha.

Atakuwepo atakayesema tuache ya Bizet, tuna yetu. Ni kweli Abushiri bin Salim, aliyewapiga vita Wajerumani, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Hemedi bin Abdallah al-Buhriy akavitungia vita vile utenzi. Lakini utenzi una shauri lake. Ni sauti ya msimulizi mmoja kwa mizani nane nane, na kina cha mwisho hakibadiliki toka mwanzo hadi mwisho. Ukimpa kila mhusika kipande chake aimbe, umeuvunja. Mwachie msimulizi aghani, wengine wote wawe bubu mbele ya kamera, kama kwa Powell, na ofisa wa Kijerumani Zelewski aingie mji mwaka 1888 pasi na sauti ya kiatu.

Kwa Carmen wa Pangani, koo lipo tayari. Mwimbaji wa taarabu Bi Shakila Saidi alizaliwa hapa, akang'ara Tanga na Black Star na Lucky Star, akafariki Agosti 2016. Rekodi zimebaki. Ule wimbo wake Macho Yanacheka, jina lake tu limeshampa mwongozaji maelekezo ya uso. Ufunguliwe, msichana wa mkonge akae safu ya nyuma midomo imefungwa, na kamera isimtazame usoni. Ianzie vidoleni, anapoikunja noti.