Kutengana Kisheria: Njia Iliyopo Kati ya Kuvumilia na Talaka

Tunapozungumza na kamati za parokia huku Holili na vijiji jirani vya Rombo, swali moja hurudi mara kwa mara: mama aliyekimbilia kwa wazazi wake kwa sababu ya kipigo, naye hataki talaka, afanyeje? Wengi hudhani ana mambo mawili tu, kurudi akavumilie au kuvunja ndoa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatoa njia ya tatu. Mume au mke anaweza kuomba mahakamani, hata Mahakama ya Mwanzo, amri ya kutengana. Ili itoe talaka, mahakama lazima iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kwa kutengana haihitajiki kufika huko. Tumaini la kupatana linaweza kuwa bado lipo.

Amri ikitolewa, wanandoa hawalazimiki tena kuishi pamoja, lakini ndoa inabaki. Aliyefunga ndoa ya mke mmoja hawezi kuoa au kuolewa tena kwa karatasi hiyo. Mahakama yaweza pia kuamua juu ya matunzo, malezi ya watoto na mgawanyo wa mali iliyochumwa pamoja.

Hapo kwenye mali ndipo penye ugomvi kwetu Uchagani. Kihamba alichorithi mume kwa baba yake hakikuchumwa na wawili. Lakini nyumba waliyoijenga humo, au uendelezaji mkubwa walioufanya kwa jasho la pamoja, huingia kwenye hesabu. Na mama asiye na mshahara asikate tamaa: katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango.

Kanisa Katoliki nalo, katika Sheria zake za mwaka 1983, linamruhusu mwenzi aliye katika hatari kubwa ya mwili au roho kutengana, kifungo cha ndoa kikibaki. Basi anayemwambia mama mwenye majeraha "rudi tu nyumbani" asidai kwamba Kanisa ndilo linalomtuma.

Jambo la kuangalia ni kuondoka kimyakimya. Mume anaweza kudai baadaye kwamba ametelekezwa. Aliyepigwa aanzie polisi apate PF3, atibiwe, atunze karatasi zake pamoja na cheti cha ndoa. Kamati yaweza kumchangia nauli na kumtafutia mtu wa kumsindikiza mahakamani.

Utengano ukidumu miaka 3, unaweza kutumika kama ushahidi katika ombi la talaka, ambalo kwa kawaida hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Wakipatana kabla ya hapo, wote wawili wanaweza kurudi mahakamani kuomba amri ifutwe.