Fomu za Tovuti: Jedwali au CSS?

Fomu ya uandikishaji katika chuo kikuu cha Kongo huuliza majina matatu: jina, postinomu na prenomu. Tuchukue kwamba mtengenezaji wa tovuti ameyapanga kwa jedwali: mstari wa juu una maneno hayo matatu, mstari wa chini una visanduku vitatu vya kujazia. Mwenye kuona hapati taabu, kwani jicho lake hushuka toka neno hadi kisanduku. Mwanafunzi kipofu, atumiaye programu isomayo skrini kwa sauti, husomewa mstari kwa mstari. Atasikia maneno matatu mfululizo, kisha visanduku vitatu visivyo na jina. Akikosea, postinomu yake itaingia mahali pa prenomu, nayo yaweza kumfuata hadi kwenye diploma.

Jedwali la HTML lilikusudiwa takwimu. Watengenezaji wa miaka ya 1990 walilifanya kiunzi cha kurasa nzima, wala tusiwalaumu mno. Ni kweli kwamba Håkon Wium Lie alipendekeza CSS, yaani lugha ya kueleza sura ya ukurasa, tangu mwaka 1994, na shirika la W3C likaiidhinisha Desemba 1996. Lakini vivinjari vya wakati ule viliifuata kwa kuchechemea, hali jedwali lilionekana karibu sawa kila mahali.

Udhuru huo umekwisha. Dawa yenyewe ina sehemu mbili, na ya kwanza si ya CSS hata kidogo: kila neno lifungwe na kisanduku chake kwa alama ya «label», iliyoingizwa katika HTML 4.0 mwaka 1997. Kisanduku hupewa kitambulisho («id»), na lebo hukitaja kwa «for». Hapo programu ya sauti hutamka «postinomu» mara tu msomaji afikapo kwenye kisanduku kihusikacho.

Sura ndiyo kazi ya CSS. Lebo na visanduku vikiwekwa moja kwa moja ndani ya fomu, kanuni hii yatosha:

form { display: grid; grid-template-columns: max-content 1fr; }

Safu ya kwanza hupata upana wa lebo iliyo ndefu kuliko zote. Ya pili huchukua nafasi iliyobaki. Vivinjari vikuu vimeielewa tangu mwaka 2017. Kanuni nyingine moja huamuru kwamba skrini ikiwa nyembamba, kama ya simu, safu ziwe moja, na kila lebo ikae juu ya kisanduku chake. Jedwali halikunjiki hivyo kwa urahisi. Mwenye simu hulazimika kuvuta ukurasa kushoto na kulia.

Hata hivyo CSS nayo yaweza kupotosha. Yaruhusu kisanduku kionekane mahali pengine bila kuhamishwa katika maandishi ya HTML, na programu ya sauti hufuata maandishi, si macho. Kwa hiyo mpangilio wa majina uwe sahihi kwanza katika HTML.

Orodha ya alama za mtihani, yenye wanafunzi kwa mistari na masomo kwa safu, ni jedwali la kweli. Hiyo na ibaki jedwali.