Je, Wajua? Wimbo wa Pasaka Uliotoka Makumira
Mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani, Howard S. Olson, alifundisha katika chuo cha teolojia cha Makumira, karibu na Arusha, akakusanya nyimbo zenye lahani za Kiafrika. Wapo wasemao kwamba mwalimu wa ng'ambo huja kupanda mila za kwao tu. Hoja hiyo ina uzito, maana sharika zetu ziliimba tuni za Kijerumani miaka mingi. Lakini mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi Makumira, alitunga wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya". Olson aliutafsiri kwa Kiingereza, na leo hata Wajerumani wanauimba kwa lugha yao. Kwa hiyo, mwalimu anayehamia ugenini apimwe pia kwa yale anayoyapokea na kuyaeneza.