KILEVI HAKIANZI KUUA KWENYE INI

Tukitaja pombe na bangi wengi hufikiria ini na mapafu. Ni kweli, lakini hayo huja baada ya miaka mingi. Kijana wa miaka 16 hafiki kwetu kwa ajili ya ini. Hufika Jumatatu kwa jambo lililotokea Jumamosi usiku.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuja kushonwa goti. Alisema ameanguka. Nilipobaki naye peke yake nikamwuliza, "Mwanangu, ulikunywa?" Akainama. "Gongo kidogo, mama." Baada ya gongo alipanda pikipiki bila kofia, na kabla ya kuanguka alikuwa na msichana asiyemjua hata jina. Hayo yote ni usiku mmoja, naye alikuja kwa ajili ya goti tu!

Sababu yake ni hii. Sehemu ya ubongo inayopima hatari huendelea kukomaa hadi umri wa miaka 25 hivi, na kilevi huigusa hiyo mapema, kabla miguu haijayumba. Kijana hujiona mzima, kumbe breki imekwisha kukatika.

Huku kwetu kuna majira yake. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, hivyo mbalamwezi ikiwaka vijana wa mialoni, Musoma hata Bunda, wana fedha na hawana kazi. Njia ya Butiama tunaletewa zaidi wa pikipiki. Viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017, tukashukuru. Gongo imekatazwa tangu zamani, na bado watoto wanatumwa kuinunua na wazazi wao wenyewe!

Yule kijana alikuwa bado ndani ya saa 72. Tulimpima virusi vya Ukimwi (tangu mwaka 2019 sheria inamruhusu mwenye miaka 15 kukubali kipimo mwenyewe), kisha akaanza dawa za kinga, ambazo humezwa kila siku kwa siku 28. Zikianza mapema zaidi ni bora zaidi. Saa 72 zikipita hazitolewi tena. Kwa hiyo, mzazi, fimbo ya Jumapili asubuhi humfanya mtoto afiche mpaka Jumatano. Mwulize kwanza, mlete, mengine mtayazungumza baadaye.

Na aliyelewa asiyeamka mlazeni ubavu, msimwache peke yake, msimmiminie maziwa wala chai; mkimbizeni hospitali. Anayesema anaona ukungu baada ya gongo vivyo hivyo, maana gongo mbaya hupofusha.

Kijana wangu alirudi kutolewa nyuzi. Vidonge alikuwa anameza vizuri. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama rafiki yake, aliyekuwa naye usiku ule, anaweza kupewa naye. Zilikuwa zimepita siku kumi na mbili. Nikamwambia amlete tumpime, na tumpangie tarehe ya kurudia kipimo.