Mboga za Majani na Mifupa ya Wazee

Wasomaji wetu wengi wamewaona wazee, na zaidi akina mama, waliojikwaa kidogo tu kizingitini wakavunjika nyonga, wasiinuke tena. Watu husema, "Ni uzee huo." Neno hilo ni kweli, lakini si kweli yote.

Mfupa si kitu kikavu kama nguzo ya nyumba. Mchana na usiku hubomolewa kidogo na kujengwa tena. Katika ujana ujenzi hushinda. Baada ya miaka 30 hivi mambo hugeuka polepole, na mwanamke akikoma hedhi ubomoaji huenda mbio. Ndipo mfupa huwa kama mti ulioliwa na mchwa ndani, ijapokuwa nje waonekana mzima.

Kiupacho mfupa ugumu ni madini ya kalsiamu, yaliyomo pia katika chokaa. Maziwa yanayo, na dagaa waliwao pamoja na mifupa yao. Asiye na ng'ombe wala samaki aweza kuyapata katika majani. Lakini si kila jani hutoa kalsiamu yake kwa urahisi. Mchicha na spinachi zina asidi iitwayo oksaliki, ishikayo madini hayo yasiingie mwilini. Majaribio ya Marekani ya 1988 na 1990 yalionyesha kuwa katika kalsiamu ya spinachi mwili hupata sehemu 5 hivi tu kwa 100, bali katika mboga ya jamii ya sukuma wiki hupata 40 hivi, yaani hata kupita maziwa. Hatusemi mchicha uachwe, kwani una vitamini nyingi, pamoja na K itumikayo katika kazi ya mifupa. Ukichemshwa na maji yake kumwagwa, asidi hupungua, ingawa vitamini nyingine nazo hupotea.

Mwaka 1999 wataalamu wa Bern, Uswisi, waliwalisha panya gramu 1 ya kitunguu kikavu kila siku, wakaona mifupa yao haibomoki upesi kama ya wenzao. Habari njema, lakini panya si mtu, na kitunguu si dawa. Tena mboga peke yake haitoshi: jua huupa mwili vitamini D, na kutembea na kulima huuimarisha mfupa.

Walimu wenye shamba la shule wapande sukuma wiki kando ya mchicha. Mfupa wa bibi huwekewa akiba angali msichana, na mahali pengi msichana ndiye apakuliwaye mwisho.