Bakteria Wanaohesabiana

Mdomo wa dumu la lita 20 ni mwembamba, mkono haupiti. Ndiyo maana wauza maji wa Kariakoo hulisafisha kwa mchanga: unatiwa gao moja, maji kidogo na sabuni, mfuniko unafungwa, dumu linatikiswa huku na huku mpaka kuta za ndani ziache kuteleza. Likimwagwa, mchanga hutoka na vipande vya ute wa kijani. Dumu lililokaa siku nyingi bila kutikiswa, pitisha kidole shingoni: utelezi ni laini, na kwa maji matupu haung'oki.

Utelezi huo kwa sehemu kubwa ni kazi ya bakteria. Hujibandika, hutoa gundi, kisha huishi humo pamoja, na klorini huwafikia kwa shida.

Bakteria wa kipindupindu naye ni fundi wa gundi. Dar es Salaam inamfahamu: mlipuko wa Agosti 2015 ulianzia jijini, ukasambaa mikoani, na wagonjwa wakapita 20,000.

Bonnie Bassler wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, ametumia maisha yake ya kazi kuwasikiliza viumbe hawa. Alianza na bakteria wa baharini ambao hung'aa gizani wakiwa kundi tu. Kila mmoja, anaeleza, humwaga nje molekuli zake. Wakiwa wachache, zinapotelea majini. Wakiongezeka, zinajaa, na wote wanabadili tabia kwa mpigo. Aina nyingi huenda kama upatu: hakuna anayetoa mchango mpaka wanachama watimie.

Wa kipindupindu kageuza kanuni. Kazi za maabara, ya Bassler na wenzake ya 2002 ikiwemo, zilionyesha kwamba wakiwa wachache ndipo hutengeneza sumu na gundi. Wakishajaa utumboni, huzima vyote viwili, hujibandua na kutoka kwa njia ya kuharisha, tayari kwa mtu mwingine. Ujanja wa kutisha, na unastahili heshima.

Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walimpa bakteria asiyedhuru uwezo wa kutoa molekuli ambayo bakteria wa kipindupindu huitumia kuhesabiana, wakawalisha panya wachanga bakteria huyo kabla ya kuwaambukiza kipindupindu. Wengi walinusurika; adui alidhani kundi limeshatimia.

Lakini akihadaiwa aondoke mapema, anakwenda wapi? Kwenye mtaa wa vyoo vya shimo na visima vifupi, masika yakifurika, nani anampokea?