Umeacha chapati, je, bia?

UMEACHA mkate, chapati na mandazi kwa agizo la daktari, lakini tumbo lingali linakusumbua. Je, umewahi kujiuliza bia unayoteremsha kila Jumamosi imetengenezwa kwa nafaka gani?

Swali hili ni muhimu kwa mtu yeyote anayeugua maradhi ya siliaki. Mgonjwa wa siliaki hadhuriwi na viini, bali na gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Aulapo gluteni, kinga za mwili wake hushambulia utumbo mdogo na kuharibu vinyweleo vinavyofyonza chakula. Matokeo yake ni kuharisha, tumbo kufura, kupungua uzito, upungufu wa damu na uchovu usioisha.

Aliyegundua chanzo chake ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Mkate ulipoadimika nchini humo wakati wa Vita Vikuu vya Pili, watoto waliokuwa na maradhi hayo walipata nafuu. Ngano iliporudi, wakaugua tena.

Bia nyingi hutengenezwa kwa kimea cha shayiri. Wapo wanaodhani kwamba kuchachuka kunamaliza gluteni. La hasha! Hamira hula sukari, na gluteni inayobaki yatosha kumdhuru mgonjwa. Hata vinywaji vya kimea visivyo na kileo mara nyingi hutokana na shayiri. Nayo bia inayosifiwa kuwa ya mtama yaweza kuwa imechanganywa na shayiri, kwa hivyo soma maelezo kwenye chupa.

Nafaka zetu je?

Habari njema ni kwamba wimbi, mtama, mawele, mahindi na mchele hazina gluteni. Busaa ya jadi hupikwa kwa unga wa mahindi na kimea cha wimbi, na mnazi hutokana na utomvu wa mnazi, si nafaka.

Hata hivyo, usikimbilie kuweka mtungi jikoni. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, hairuhusu mtu kutengeneza pombe bila leseni. Lakini hakuna anayekuzuia kutengeneza uji uliochachuka, ambao jirani zetu wa Tanzania huuita togwa.

Osha wimbi na kuliloweka usiku kucha. Limwage maji, lifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu kwa siku mbili au tatu hadi lichipuke. Lianike juani likauke kabisa, pukusa machipukizi, kisha lisage. Hicho ndicho kimea.

Pika uji wa wimbi au mahindi, uache upoe hadi uwe vuguvugu, kisha utie vijiko viwili vya kimea kwa kila lita. Funika. Baada ya saa 12 hadi 24 utakuwa mwepesi na wenye ukali wa kupendeza. Uchemshe tena kabla ya kunywa, kwani kimea kibichi huweza kubeba viini. Usiuache siku nyingi, maana utageuka kuwa pombe.

Tahadhari

Kwanza, machipukizi ya mtama yana kemikali inayotoa sumu ya sianidi. Ndiyo maana wimbi ni salama zaidi kwa kimea cha nyumbani.

Pili, usitumie nafaka iliyoota ukungu. Mnamo 2004, sumu ya aflatoksini katika mahindi iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Tatu, mashine iliyotoka kusaga ngano huacha unga wake ndani. Viwango vya kimataifa havikubali chakula kuitwa kisicho na gluteni kikizidisha miligramu 20 kwa kilo, kiasi kidogo mno. Ukiweza, saga kwa kinu chako mwenyewe.

Mwisho, kama unashuku una siliaki lakini hujapimwa, usiache ngano kwanza. Vipimo vya damu na vya utumbo huweza kukosa kuonyesha maradhi kwa mtu aliyekwisha kuacha gluteni. Mwone daktari ungali unaila, ndipo ubadilishe sahani yako, na bilauri yako pia.